Una kesi ya zamani na unasubiri upekuzi? Soma hapa kwanza

Nimekuwa mwenyekiti wa mtaa hapa Mbeya, upande wa Mwanjelwa, na katika kazi hiyo nimehojiwa zaidi ya mara moja kuhusu vijana wangu. Anakuja mtu aliyevaa kawaida tu, anajitambulisha, anaanza: huyu mnamfahamu? Anakaa na nani? Pombe vipi? Ana madeni? Amewahi kuwa na kesi? Huo ndio upekuzi wa mtu anayetaka kupewa nafasi nyeti serikalini.

Ndiyo maana kijana akinijia usiku kuniuliza, "Mwenyekiti, nikinyamaza watajua?", jibu langu ni fupi. Watajua. Mimi najua, na mama ntilie wa pale kona anajua kuliko mimi.

Swali la maana ni hili: kesi yako iliishaje? Wengi hawajui. Kwenye vurugu za machinga za Novemba 2011 hapa Mwanjelwa walikamatwa vijana wengi. Aliyelala mahabusu kisha akaachiwa bila kufikishwa mahakamani hajatiwa hatiani na mtu yeyote. Katiba, ibara ya 13(6)(b), inakataza hata mshtakiwa kutendewa kama mkosaji kabla kosa halijathibitika. Ila usichanganye mambo: DPP, yaani Mkurugenzi wa Mashtaka, kuiondoa kesi mahakamani si sawa na hakimu kukuona huna hatia. Ya kwanza inaweza kurudi.

Halafu kuna "nilikiri yaishe". Hii ndiyo inayowaponza vijana. Mtu kapigana kilabuni, kapelekwa Mahakama ya Mwanzo, wenzake wa mahabusu wamemshauri akubali kosa, alipe faini, arudi kwenye bajaji yake. Akalipa, risiti akaitupa. Kwa akili yake mambo yaliisha siku ile. Kwa sheria alitiwa hatiani, maana faini ni adhabu kama kifungo kilivyo adhabu. Miaka inapita, anapewa fomu inayouliza kama amewahi kutiwa hatiani, anaandika "Hapana" kwa moyo mweupe kabisa. Anayeisoma fomu ile haoni moyo, anaona uongo.

Makosa yenyewe hayalingani uzito. Ngumi za ujanani huelezeka. Wizi wa mali ya mwajiri, kughushi au rushwa, hapo sikupi matumaini ya bure. Hata Katiba, inapotaja wasiofaa kuwa wabunge, inamtaja aliyefungwa zaidi ya miezi sita kwa kosa linaloambatana na utovu wa uaminifu, na aliyetiwa hatiani kwa kukwepa kodi ndani ya miaka mitano kabla ya uchaguzi. Kwa majeshi usipoteze muda kubishana. Matangazo yao husema mwombaji asiwe na kumbukumbu za uhalifu.

Kwa walio na ndugu waliohamia Marekani na kutaka kazi zinazogusa siri za serikali huko, mwongozo wao wa upekuzi wa Juni 2017 una vipengele 13. Mwenendo wa jinai ni kimoja, na humo muda uliopita na dalili za kujirekebisha vinahesabiwa upande wako. Kuficha jambo kwa makusudi kwenye fomu kunaangukia kipengele kingine, cha mwenendo binafsi. Kwa hiyo mwenye kosa moja akidanganya anakuwa na mawili. Na kwetu pia uongo wa karatasi hufichuka: Aprili 2017 watumishi 9,932 walitangazwa kuwa na vyeti vya kughushi, na wapo waliokuwa kazini miaka mingi.

Basi nenda masijala ya mahakama iliyosikiliza kesi yako, uombe nakala ya hukumu au ya amri iliyokuachia. Namba ya kesi ikiwa imepotea, peleka majina yote uliyoandikiwa na mwaka, na uwe na subira, majalada ya zamani hayapatikani kwa kukunja uso. Ukiipata, soma kosa limeandikwaje, kisha lijaze kwenye fomu hivyohivyo, bila kulipunguza.

Wadhamini wako nao waambie mapema, pamoja na mwenyekiti wako wa sasa kama ulihama. Asipoisikia kwako ataisikia kwa jirani mliyegombea naye mpaka wa kiwanja, na huyo hatataja kwamba ilikuwa faini tu.