Kutoka Karura hadi mtaro wa kwetu

Mara ya kwanza kuwapeleka wanangu msitu wa Karura, nilitaka tu wakimbie mahali pasipo na pikipiki. Tuliteremka hadi kwenye maporomoko. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, maji ni ya rangi ya chai, na kitinda mimba wangu akaona pakiti ya maziwa imenasa kwenye mzizi, imezungukwa na povu.

"Mama, nani ameitupa hapa na hakuna nyumba?"

Mwongozaji wetu alichuchumaa, akachora udongoni kwa kijiti. Mto Karura unaingia Ruaraka, Ruaraka unaingia Mto Nairobi, halafu Athi, na mwisho wake ni Bahari Hindi, karibu na Malindi. Akamuuliza mtoto, "Na maji ya kwenu huanzia wapi safari hiyo?" Akafikiri kidogo. "Mtaroni."

Nyuma ya ploti yetu kuna mtaro. Nimeishi hapo miaka tisa bila kuuhesabu kuwa sehemu ya mto wowote.

Ushauri wangu kwa mzazi wa Nairobi ni huu: chagua mahali pamoja pa karibu, mrudi hapo kiangazi na masika. Safari ya Maasai Mara ni tamu, naipenda, lakini simba hakuonyeshi maji yako ya kufulia yanakoelekea. Wasimulie watoto pia kwamba mwaka 1999 Wangari Maathai na wenzake walipigwa wakijaribu kupanda miti Karura, msitu ulipokuwa ukinyakuliwa. Wangu waliacha kuvunja matawi siku hiyo hiyo.

Halafu sheria za huko rudini nazo nyumbani. Tangu tarehe 5 Juni 2020, plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku kwenye misitu, mbuga na fukwe zinazolindwa, kwa hiyo tulinunua chupa za chuma kwa ajili ya matembezi. Hazikurudi kabatini. Sasa zinakwenda shule kila asubuhi, na pesa za maji ya dukani zinabaki mfukoni.

Usitarajie mengi kwa mkupuo mmoja. Mkubwa wangu bado husahau. Ila Jumamosi nikifua sare za mdogo, natoa mifukoni karatasi za peremende zilizogandana. Hakuona pipa njiani, akaja nazo. Mtoto akikuletea takataka hizo nyumbani, tafadhali usimgombeze. Mwekee ndoo karibu na mlango.