Penseli za kuzungusha za zamani: pima risasi kabla hujalipa

Penseli ya kuzungusha, yaani ile unayoizungusha ili itoe risasi, ikiwa ya miaka ya 1920 na ikigoma kuitoa, muuzaji huiita mbovu na kuishusha bei. (Risasi hapa ni kijiti cha kuandikia cha grafaiti iliyochanganywa na udongo wa mfinyanzi au plastiki, madini ya risasi hayamo.) Nyingi kati ya hizo ni nzima, ila zimeziba. Mtu kaitoa kwenye droo, kaijaza risasi za leo za milimita 0.5 au 0.7, zikapwaya, zikavunjikia ndani, naye akaongeza nyingine juu yake.

Anayeanza kukusanya aanze na Eversharp, ubunifu wa Charles Keeran uliotengenezwa na kampuni ya Wahl ya Chicago. Zilitoka kwa mamilioni, kwa hiyo hazina bei ya kutisha, na risasi yake ya milimita 1.18 bado inauzwa. Ya 0.9 huanguka, ya 1.3 haiingii. Pakiti nyingine huandikwa 1.1 tu, na hizo hupishana kidogo, hivyo pima kwa kalipa, kifaa cha kupimia unene. Penseli nyembamba za mwishoni mwa miaka ya 1930 ndizo zinazotumia 0.9.

Kuzibua kunataka subira. Kwanza rudisha mtambo nyuma mpaka ukome, elekeza ncha chini, gongagonga taratibu juu ya kitambaa. Vipande visipodondoka, chukua biti ya drili ya milimita 1.0 na uizungushe kwa vidole, kamwe si kwa mashine. Ingiza kidogo, toa, futa unga mweusi, rudia. Usilazimishe pini wala msumari: ndani ya ncha ya Eversharp mmechongwa mifereji inayoishika risasi isizunguke, na ikikwaruzwa, risasi itazunguka pale pale bila kutoka. Usizungushe mtambo kwa nguvu ukitumaini utasukuma uchafu nje; fimbo ya kusukumia ni nyembamba na hupinda. Ikipinda, hapo ndipo penseli inapokuwa mbovu kweli.

Ncha ya chuma iliyoganda, itie tone la mafuta mepesi kwenye hesi (nyuzi za skrubu), iache usiku kucha, kisha ifungue kwa vidole ukiwa umeizungushia kipande cha tyubu ya baiskeli. Koleo huacha alama zisizofutika. Na moto usiusogeze: penseli nyingi zenye mwili wa rangi za wakati huo ni za seluloidi, plastiki ya zamani ambayo huwaka upesi mno.

Wenye mfuko mzito huzitafuta penseli za fedha za Sampson Mordan wa London, aliyepata hataza (haki ya kisheria ya uvumbuzi) mwaka 1822 pamoja na John Isaac Hawkins. Za mwanzo hupendwa zaidi. Tafuta kwa lenzi herufi SM na GR: GR ni Gabriel Riddle, mshirika wake hadi 1836, kwa hiyo alama hizo peke yake zinakupa umri. Baada yake utaona S. MORDAN & CO. Taabu ya penseli hizi ni kwamba nyingine zina vipimo visivyotengenezwa tena. Chukua risasi nene kidogo, iviringishe juu ya msasa laini wa namba 600, ukipima kila baada ya mizunguko michache. Itavunjika mara mbili tatu kabla mkono haujazoea.

Kwa upande wa dhahabu, chapa GOLD FILLED maana yake ni ganda jembamba juu ya shaba. Angalia ncha na klipu, ndiko linakochakaa kwanza. Jina la mwenyewe wa zamani likiwa limechongwa humo, liache. Ukilisugua utaifikia shaba. Hata penseli ya fedha ising'arishwe mpaka weusi ulio ndani ya nakshi uishe, maana ndio unaoionyesha nakshi yenyewe.

Ukikutana na Yard-O-Led ya Uingereza, ifungue kwa heshima: hubeba risasi 12 za inchi 3, jumla inchi 36, yaani yadi moja kamili, na ndiko jina lilikotoka.

Seluloidi ihifadhi mbali na nyingine, mahali penye hewa. Ikianza kuoza hutoa mvuke wa tindikali unaokula chuma cha jirani zake. Ukiona klipu inaota kutu ya kijani ndani ya boksi lililofungwa, itenge penseli ya seluloidi siku hiyo hiyo.