Ustadhi amelikata jina la Chausiku: je, jina la Mwislamu ni lazima liwe la Kiarabu?

SWALI: Assalamu alaykum sheikh. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Pangani. Binti yangu ana miaka saba, anaitwa Chausiku. Ni jina la mama mkwe wangu, na mtoto mwenyewe alizaliwa usiku. Akika tulimfanyia siku ya saba. Mwaka huu tumemhamishia chuo kingine cha Qur'ani, na ustadhi amekataa kuliandika jina lake. Anasema ni jina la kijahilia, si la Kiislamu, na siku ya Kiyama hawezi kuitwa kwa jina hilo. Kwenye daftari amelikata kwa kalamu nyekundu, juu yake akaandika Khadija. Mtoto akiitwa Khadija hajui kama ni yeye. Juzi amechapwa kwa kutoitika labeka. Wenzake wanamwita Giza. Ustadhi ameniambia pia kwamba akika ile haikuswihi kwa sababu jina halikuwa sahihi, nichinje mbuzi mwingine, nami nimeanza kuulizia mkopo kwenye kikoba. Mama mkwe amezisikia habari hizi na tangu hapo amekuwa mkimya. Jambo la pili: kaka yake, yuko kidato cha pili, anaitwa Mashaka. Nilimpa mimi, kwa sababu wakati wa mimba yake mume wangu alilazwa muda mrefu, na nyumba tuliyopanga tukatolewa. Naye nimbadilishe?

JIBU: Waalaykumu ssalaam warahmatullahi wabarakatuh, dada yangu.

Nianze na mbuzi, maana hilo lina haraka. Usikope. Akika ya binti yako imeswihi na imekwisha. Akika ni sunna iliyokokotezwa: mnyama huchinjwa kwa ajili ya mtoto, na usahihi wake hautegemei jina. Mtume (s.a.w.) aliwabadilishia majina Masahaba wengi, wanaume kwa wanawake, na hatujapokea kwamba alimwamuru hata mmoja wao achinjiwe upya. Anayedai mbuzi wa pili alete dalili yake, na hana.

Sasa jina. Maneno uliyoambiwa si ya ustadhi huyo peke yake. Nayasikia Tanga, nayasikia Mombasa na Unguja, na kila mwaka yanaongezeka: kwamba Subira, Tatu, Mwajuma, Chausiku, Zawadi ni majina "ya kienyeji" na Mwislamu wa kweli huitwa kwa Kiarabu. Yanasemwa kwa sauti ya uchamungu, ndiyo maana akina mama wanayaogopa. Nami nayajibu kwa urefu kwa sababu ni maneno yasiyo na msingi katika dini hii, na yameshamfikisha mtoto wa miaka saba kwenye bakora.

Ustadhi amemwita Khadija. Jina tukufu, hakuna anayelibishia. Lakini bibi yetu Khadija (r.a.) alipewa jina hilo Makka na wazazi wake, miaka mingi kabla Qur'ani haijashuka. Na kwa asili yake, kama walivyoeleza watu wa lugha, ni jina linalotokana na mtoto kuzaliwa kabla ya kutimiza miezi. Yaani ni jina la hali ya kuzaliwa, sawasawa na Chausiku. Umar, Uthman, Ali, Hamza, Talha, wote walipewa majina yao kabla ya wahyi, na wote walisilimu na majina yao. Kama "jina la kijahilia" maana yake ni jina lililokuwapo kabla ya Uislamu, au lililowekwa na watu kwa mila yao, basi ustadhi ayakate na hayo kwa kalamu yake nyekundu.

Na bibi yetu Laila binti Abi Hathma (r.a.), mke wa Amir bin Rabia, alikuwa miongoni mwa Waislamu wa mwanzo kabisa kuhajiri kwenda Habasha. Laila ni usiku. Mtume alimjua na hakulibadilisha jina lake. Mtoto angeletwa chuoni kwa jina la Laila, ustadhi angeliandika kwa mwandiko mzuri na kumwombea baraka. Kosa la Chausiku basi ni lipi, isipokuwa kwamba bibi yake aliitwa kwa lugha ya mama yake? Na Mwenyezi Mungu amesema katika Surat Rum, aya ya 22, kwamba kutofautiana kwa ndimi zenu na rangi zenu ni katika ishara Zake. Usiku wenyewe ameuapia. Qur'ani ameiteremsha katika usiku.

Watasema: hiyo Laila ni Kiarabu, tunachotaka ni Kiarabu. Vema. Tuyatazame majina ya Mitume waliotajwa ndani ya Msahafu: Ibrahimu, Ismaili, Is-haka, Yakubu, Yusufu, Musa, Haruna, Daudi, Suleimani. Hakuna hata moja hapo lenye asili ya Kiarabu. Wanafunzi wa nahau wanalijua hili, kwani tunawafundisha kwamba majina hayo hayapokei tanwini (ile "n" inayotamkwa mwisho wa jina la Kiarabu), na sababu tunayowapa ni kwamba ni majina ya kigeni. Ustadhi analifundisha hilo asubuhi, kisha jioni anamkataza mtoto wa Pangani jina la Kiswahili! Mama yake Maryamu alipojifungua alisema, kama ilivyo katika Aali Imran, aya ya 36: "Nami nimemwita Maryamu." Alimwita kwa lugha ya kwao, na Mola wake akampokea mtoto kwa kabuli njema.

Tena kuna Feiruz ad-Dailami (r.a.), Sahaba wa asili ya Kiajemi aliyeishi Yemen, ambaye alishiriki kumuua Aswad al-Ansi, yule mwongo aliyejidai utume. Jina lake ni la Kiajemi tupu. Alisilimu nalo, hadithi zimepokewa kwake kwa jina hilo, na pwani yetu hadi leo tuna akina Feruzi. Hakuna aliyemwambia jina lako halifai.

Kuhusu siku ya Kiyama, hadithi anayoitegemea ustadhi bila shaka ni ile aliyoipokea Abu Dawud, mkusanyaji wa hadithi, kutoka kwa Sahaba Abu Dardaa: kwamba mtaitwa kwa majina yenu na majina ya baba zenu, basi yafanyeni mazuri majina yenu. Abu Dawud mwenyewe ameeleza kwamba aliyeisimulia kutoka kwa Abu Dardaa hakukutana naye, kwa hiyo sanadi yake, yaani mlolongo wa wasimulizi, imekatika. Hata tukiichukua kwa maana yake, imesema majina mazuri. Haikusema majina ya Kiarabu. Na Mola aliyemuumba Chausiku hashindwi kumwita.

Mizani ya Mtume katika majina ilikuwa maana. Alibadilisha majina yenye kuabudu asiyekuwa Mungu: Abdurrahman bin Auf zamani aliitwa Abdu Amri. Alibadilisha yenye maana mbaya, kama binti wa Umar aliyeitwa Aasiya, yaani muasi, akamwita Jamila. (Hapa niwatulize akina mama wenye mabinti wa jina la Asia, maana wameshatishwa wengi. Jina la mke wa Firauni, yule mwema, ni jingine kabisa kwa herufi za Kiarabu. Ndimi zetu tu ndizo zinazoyafananisha. Binti zenu wameitwa kwa jina la mwanamke huyo, waacheni.) Alibadilisha pia jina lenye kujisifu: Barra, yaani mwema mno, akamwita Zainab, akasema msijitakase nafsi zenu. Na alichukia mno mtu kujiita mfalme wa wafalme. Hiyo ndiyo mizani. Haimo ndani yake lugha wala kabila.

Anayedhani Kiarabu pekee, au kutajwa katika Msahafu pekee, kunatosha, ajue kwamba Firauni, Haman, Karuni na Abu Lahabi wote wametajwa katika Qur'ani. Siku hizi wazazi wanaletewa majina kwenye simu, mengine ni vipande tu vya maneno: nimemwona mtoto anayeitwa Alaina, wazazi wakiamini ni jina la peponi, kumbe kwa Kiarabu ni "juu yetu" tu. Neno halina ubaya, wala simwambii mtu alifute. Lakini huyo anaandikwa bila swali, na Subira, ambaye jina lake ni amri ya Mungu katika aya nyingi, anaambiwa akatafute jina la Kiislamu.

Wazee wetu hawakuwa hivi. Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate alimtungia bintiye utendi mwaka 1858, na jambo la kwanza analomhimiza ni kuikamata dini, faradhi na sunna. Jina lake ni Kupona. Kuna mwanachuoni yeyote wa Lamu aliyesema Uislamu wa mama yule una kasoro? Pwani hii imesomesha, imejenga misikiti na imezika mawalii wakiitwa Mwinyi, Mwana, Kombo, Faki na Makame. Anayesema majina yale si ya Waislamu ameitukana silsila iliyomfikishia yeye mwenyewe kalima.

Jambo moja nilipite upesi. Ziko familia ambazo mtoto akilia sana hupelekwa kwa mganga, naye huagiza aitwe jina la marehemu fulani ili mzimu uridhike, na hufanyiwa kafara. Hilo ni haramu kabisa, ni mlango wa shirki, na toba yake ni kuacha itikadi hiyo. Lakini wewe hukutaja mganga wala kafara. Ulitaja bibi aliye hai na mtoto aliyezaliwa usiku. Kumrithisha mtoto jina la mzee ni mapenzi. Mtume alipozaliwa mwanawe kwa Maria Mkibti alisema: usiku huu nimezaliwa mtoto, nimemwita kwa jina la baba yangu Ibrahimu. Na hapo pia pana faida kwamba jina laweza kutolewa hata kabla ya siku ya saba.

Basi binti yako ni Chausiku. Abaki Chausiku nyumbani, chuoni na shuleni.

Nenda kwa ustadhi, wewe na mumeo, wala msiende kwa ugomvi. Huenda naye alifundishwa hivyo, na kusomesha watoto wa watu kwa ujira mdogo ni kazi yenye thawabu. Msomeeni majibu haya. Mwambieni mambo mawili: jina lirudishwe daftarini, na asimchape mtoto kwa kutoitikia jina lisilo lake. Kumchapa mtoto kwa kosa ambalo hakulifanya ni dhuluma, na dhuluma haiwi malezi kwa sababu imetendeka madrasa. Tena awakataze wale wanaomwita Giza, kwa sababu aya ya 11 ya Hujurati imekataza watu kuitana kwa majina mabaya, na hiyo ndiyo amri iliyo wazi juu ya majina ambayo chuo hicho kimeiacha ikivunjwa kila siku. Akikataa yote haya, mhamishe mtoto. Vyuo ni vingi, Alhamdulillah.

Na mama mkwe wako usimwache na ukimya wake. Amesikia kwamba jina aliloishi nalo, akafunga nalo na kuswali nalo, ni la aibu mbele ya Mungu. Mtu mzima akiambiwa hivyo huumia, na hasemi. Kaa naye, wewe mwenyewe, usimtume mtoto. Mwambie sheikh amesema jina lako halina neno. Mpe na mjukuu amsomee Surat Layl, yaani Sura ya Usiku, kama ameshaihifadhi. Na kama bado, bibi ndiye amfundishe.

Nimefika kwa Mashaka, na hapa hukumu ni tofauti. Jina lake halina shirki, na wewe huna dhambi. Ulikuwa katika dhiki, ukamwita kwa uliyoyaona. Mama wengi wametoa majina ya Shida, Tabu na Mashaka kwa machozi ya namna hiyo. Lakini Mtume alipenda majina ya matumaini. Alimuuliza mtu: jina lako nani? Akasema: Hazni, yaani ugumu. Akamwambia: wewe ni Sahli, yaani wepesi. Yule akajibu kwamba habadilishi jina alilopewa na babaye. Mjukuu wake, Said bin Musayyib, alikuwa akisema ugumu umebaki kwetu tangu siku ile. Hadithi hii iko kwa Bukhari. Kwa ajili yake nasema inapendeza jina la kijana libadilishwe.

Inapendeza, sikusema ni wajibu. Hanzala ni tunda chungu la jangwani, na Sahaba aliyeitwa Hanzala alikufa shahidi Uhud, akaoshwa na Malaika, jina lake likiwa lile lile. Jina halimfungi mtu riziki yake wala kadari yake, na usimwambie mwanao kwamba matatizo yake yote yametokana nalo. Hiyo ni itikadi mbovu, na kijana wa umri wake ataibeba maisha.

Yeye ni mkubwa, jina ni lake. Mkalishe, umsimulie miezi ile: hospitali, nyumba mliyotolewa, namna alivyozaliwa na baba yake akarudi mzima. Huenda hajawahi kusimuliwa. Kisha mwambie unatamani kumpa jina la shukrani, achague mwenyewe: Faraji, Shukuru, Suleimani, lolote jema, la Kiswahili au la Kiarabu. Akikubali, muanze kumwita hivyo nyumbani. Vyeti vya kuzaliwa na vya shule haviharakishwi; sheria ya dini haikudai karatasi, na kuvuruga majina katikati ya masomo kutamletea usumbufu kwenye mitihani. Akimaliza, mambo hayo yana utaratibu wake wa kisheria.

Akikataa, mwacheni. Mtume hakumlazimisha Hazni.

Wallahu aalam.