Fanki na ilimba jukwaani: tulivyoharibu sisi, msirudie nyinyi

Wimbo wa kwanza haujafika nusu, ilimba, ile ala ya Wagogo ya vyuma juu ya kisanduku, ikakata sauti. Nikageuka. Mzee anapiga kama kawaida, vidole gumba vinakimbia, lakini kwenye spika hakuna kitu. Kumbe fundi mitambo kule nyuma ya ukumbi kasikia mlio wa zzz, kadhani waya umeoza, kafunga laini. Akamtuma kijana wake na waya mpya. Kijana akabadilisha, laini ikafunguliwa, zzz ikarudi. Akabadilisha tena. Waya tatu, watu wanatutazama.

Ile zzz ndiyo ilimba yenyewe. Kwenye kisanduku chake kuna tundu lililozibwa kwa utando wa buibui, na utando unatetemeka kila chuma kinapoguswa. Bila mvumo ule unabaki na vyuma tu juu ya ubao. Fundi wetu alikuwa mzuri kuliko wengi niliofanya nao kazi. Kosa ni letu, hakuna aliyemwambia. Kwa hiyo kama kuna jambo moja tu utakalolishika hapa, liwe hili: mlete fundi mitambo mazoezini walau mara moja, umkalishe karibu na chombo, asikie kwa sikio lake kabla hajasikia kwa spika.

Nieleze tulifikaje hapo. Mimi napiga besi, miaka mingi kwenye bendi za hoteli Dar es Salaam. Tuliitwa kufanya onesho la usiku mmoja la kuchanganya fanki, muziki wa dansi wa Wamarekani weusi, na muziki wa Wagogo. Upande wetu: besi, gita, kinanda, tarumbeta, tromboni, na mpiga drams Mmarekani aliyekuwa akipita nchini. Katokea Ohio, na wanaojua fanki wanajua jimbo hilo limezaa watu, mpiga besi Bootsy Collins akiwa mmoja wao. Upande wa pili: mzee wa ilimba kutoka Dodoma, akina mama wawili wa ngoma, na kijana mchezaji mwenye njuga miguuni.

Tulikuwa na siku nne za mazoezi. Ya kwanza tuliipoteza kwa ujinga. Mpiga kinanda akabonyeza noti, akaomba ilimba ifuate. Mzee ni mtu wa adabu, hakubisha. Akatoa kijiwe chake, akawa anagonga vyuma kimoja kimoja, hiki kiingie ndani kidogo, kile kitoke, mpaka programu ya kutyuni kwenye simu ya mtu ikaonesha kijani. Tukapiga. Ikalia kama kengele ya shule. Mbaya zaidi, mzee alipofungua mdomo kuimba, sauti yake ilifuata mlio wa zamani, ikawa inagombana na mikono yake mwenyewe.

Jioni nikamfuata alipokaa. Shikamoo mzee, nikamwambia, tumekosea wapi? Akanijibu, "Mwanangu, mmenyoosha kilichokuwa kimenyooka."

Hapa wale wa kwaya watanielewa haraka. Mpangilio wa Wagogo, ukiuandika kwa solfa, ni do, mi, so, ta, do, re (ta ni ti iliyoshushwa nusu toni). Sasa mwulize mpiga gita yeyote wa fanki kodi yake pendwa ni ipi (kodi ya gita, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja, TRA watulie). Atakwambia ni ile ya tisa. Ndiyo aliyokuwa akiikwaruza Jimmy Nolen kwenye bendi ya James Brown, baba wa fanki, kuanzia 1965, na noti zake ni do, mi, so, ta na re ya juu. Ni zile zile! Tuliletwa pamoja na noti zinazofanana, halafu kazi ya kwanza tuliyoifanya ni kuziharibu.

Tofauti iko kwenye ta. Ya Wagogo hailingani na kibonye cha kinanda, iko chini yake kwa karibu theluthi moja ya nusu toni. Kama una besi, jaribu sasa hivi: gusa waya juu juu bila kuukandamiza, kati ya freti (vile vyuma vya shingoni) ya 2 na ya 3, karibu zaidi na ya 3, ukung'ute. Itatoka sauti nyembamba, ya juu sana. Hiyo ndiyo ta yao, waya wenyewe unayo tumboni. Nilimpigia mzee jioni ile na yeye akaimba juu yake. Zikakaa sawa kama mkono na glavu yake. Mimi nimepiga besi miaka yote hiyo, na noti ile nilikuwa naiona ya kuchezea tu wakati wa kutyuni.

Kesho yake mzee akarudisha vyuma vyake mahali pake, na safari hii gita na besi ndizo zikaifuata do ya ilimba. Kinanda nacho unaweza kukipandisha au kukishusha chote kwa ujumla, kina sehemu ya kurekebishia. Lakini ta hukiwezi. Dawa ni kukinyang'anya noti hiyo. Mpiga kinanda abaki na do, mi, so na re, basi. Gita nalo liiruke. Ta mwachie mzee, mwachie mwimbaji, na mwachie mtu wa tromboni, maana yeye bomba lake linateleza na anaweza kuitafuta mpaka aipate. Wa kwetu aliipata kwa dakika kumi, akawa anacheka peke yake.

Shida ya pili ilikuwa moja. Naam, namba moja. James Brown aliwafundisha watu wake kwamba lazima wote watue pamoja kwenye pigo la kwanza, huko katikati kila mtu na lake. Sisi tulisikia ilimba inapoanza mzunguko wake tukasema hapo ndipo moja. Mmarekani akatua hapo kwa nguvu zote, na akina mama wakaacha kupiga, wakatazamana. Tulirudia mara sita. Wimbo wao ulikwenda tatu tatu, yeye akihesabu nne, lakini hilo lingevumilika. Kilichotuua ni kutua mahali ambapo si mahali.

Aliyetuokoa ni kijana mchezaji. Mpiga drams wetu alichoka kusikiliza, akakaa anamwangalia miguu. Njuga zikilia kwa pamoja, mguu ukikanyaga chini kwa uzito wote, hapo ndipo. Akahamishia pale pigo la dramu kubwa, ile inayopigwa kwa mguu, na mambo yakatulia ghafla. Tangu siku hiyo nikipiga na watu wa ngoma nisiyoijua siangalii mikono. Mikono inadanganya, mtu anaweza kuanzia popote. Natafuta miguu ya anayecheza.

Na muda. Msidanganyike kwamba ukiwaweka watu jukwaa moja umechanganya muziki. Kwenye tamasha la Kinshasa, Septemba 1974, siku tatu, kuanzia tarehe 22 mpaka 24, walikuwepo James Brown, B.B. King na Bill Withers kwa upande wa Marekani, na Franco na T.P. OK Jazz, Tabu Ley na Miriam Makeba kwa upande wetu. Pambano la ngumi la Ali na Foreman lililopangwa kwenda pamoja na tamasha lilisogezwa mpaka Oktoba 30 kwa sababu Foreman alichanika juu ya jicho mazoezini, muziki ukaendelea. Tamasha kubwa, hakuna ubishi. Lakini ilikuwa kupokezana: anashuka huyu, anapanda yule. Mchanganyiko wenyewe ulipikwa kwingine, Lagos, na Mnigeria Fela Kuti na mpiga drams wake Tony Allen, baada ya Fela kurudi kutoka Los Angeles alikokwenda 1969, na haukuiva kwa siku nne. Sisi tulikuwa na nyimbo sita. Tulipaswa kuwa na mbili na kuzipiga ndefu.

Jambo la karatasi nalo nalisema haraka. Kwenye bango la onesho majina yetu yote yaliandikwa. Mzee na wenzake wakawekwa chini kwa herufi ndogo: "pamoja na wapiga ngoma za asili". Malipo yalifuata ukubwa wa herufi. Niliyaona siku ya onesho, nikanyamaza, na sijajisamehe. Ulizeni bango na malipo kabla ya kusaini.

Turudi ukumbini. Baada ya waya wa tatu nilishuka nikamwita fundi aje mwenyewe. Akainama, akaweka sikio kwenye kisanduku, mzee akagusa chuma kimoja. Fundi akaniangalia, akatikisa kichwa, akaenda kufungua laini, na safari hii akaipandisha. Kuanzia hapo tulipiga vizuri mpaka wimbo wa mwisho, utando wa buibui ulipopasuka. Mzee akaniashiria tuendelee. Akatoa kiberiti mfuko wa shati, ndani yake hakuna njiti hata moja, kuna vipande vya utando vimekunjwa. Akachagua kimoja, akakitia mate, akakibandika juu ya tundu, akapuliza kidogo kujaribu. Drams na njuga vilimsubiri kama dakika mbili hivi, na watu wakadhani tumepanga.