Kijana, Twiga wa Nini?

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Kampala aliniandikia: "Dada, picha zako za miti zinanunuliwa, zangu hakuna anayezitazama mara mbili. Siri ni nini?" Akaambatisha mchoro: mgunga, jua jekundu, twiga. Mdogo wangu, twiga wako kwenye hifadhi za Kidepo na Murchison Falls. Wewe umempata kwenye simu.

Nitakujibu kwa kirefu, maana umenikumbusha mengi, na mengine bado yanauma.

Nilikulia Masaka, kwenye kahawa na migomba, na katikati yake miti iitwayo mituba. Mutuba hauna makuu: unakata tawi nene, unalichomeka ardhini, linaota. Unaipa kahawa kivuli, unakuwa uzio wa shamba, na ukikomaa unatoa gome la kutengenezea lubugo, nguo ya gome. Jirani yetu alikuwa mukomazi, fundi wa lubugo. Mvua zikianza alikwangua ganda la juu, akachuna gome la ndani kwa kipande kimoja kirefu, kisha akalifunga shina kwa majani ya mgomba lisikauke. Gome huota tena. Lile alilochuna alililainisha kwa moto, akaanza kulipiga kwa nyundo za mbao zenye mifereji, mipana kwanza, myembamba mwisho, bandani kivulini. Jua ndilo lililomalizia kwa kulitia ule wekundu wa udongo. Nilikaa pale nikisikiliza mapigo hadi niitwe kula. UNESCO walipoutambua ufundi huu mwaka 2005, watu wa mjini wakaanza kuusifu. Sisi tulikuwa tunaufahamu.

Miaka yangu ya kuchora kwenye kanvasi nairuka, haina utamu. Nilipohamia kwenye lubugo ndipo mkono ulipotulia. Ni nguo inayokunywa rangi, haikubali haraka. Pale tawi lilipoacha tundu, mukomazi hushona kiraka, na wachoraji wengi hukikata wakakitupa. Mimi huanzia hapohapo. Kiraka ndicho kinachoamua shina langu litasimama wapi.

Haikupokelewa vizuri. Shangazi alikataa kutundika picha yangu sebuleni: "Mwanangu, hii ni nguo ya maiti." Na kweli, Buganda lubugo ni sanda, ingawa kabaka, mfalme wetu, naye huivaa akitawazwa. Shangazi nilimwelewa. Nisiowaelewa mpaka leo ni nyumba moja ya sanaa, sitaitaja, walionirudishia kazi zote wakisema watalii wanataka wanyama. Mwezi jana, kwenye maonyesho, mituba yangu yote ilinunuliwa, na mmoja wa wanunuzi alitoka nyumba hiyohiyo. Aliomba punguzo. Hakupata.

Basi nisikilize. Tafuta mti mmoja unaoweza kuufikia kwa miguu. Muulize mwenye shamba mti huo unamsaidia nini, nani aliupanda, nani anataka kuukata. Uchore wakati wa mvua, uuchore wakati wa kiangazi, uuchore ukiwa umechunwa gome. Wasanii wa siku hizi mnakimbilia msitu wa Bwindi mkapige picha, mnarudi na kijani tupu. Kijani cha nani?

Ukienda Jinja, basi likisimama Najjembe na kila mtu akigombania kuku na gonja, ndizi za kuchoma, wewe tazama nyuma ya wauzaji: ule ni Mabira. Mwaka 2007 palikuwa na mpango wa kutoa sehemu ya msitu huo ipandwe miwa, watu wakaandamana Kampala, na wengine wakafa. Tangu hapo siwezi kuuchora Mabira bila kuweka miwa pembeni. Mnunuzi mmoja aliniomba niifute ili picha ipendeze. Nilimwambia atafute mchoraji mwingine. Msanii asiyejua ardhi yake inagombaniwa na nani anapamba kuta tu, na nitalisema hili hata mkinikasirikia.

Chora mti wako huohuo tena na tena. Watasema unajirudia. Waache waseme.

Umeuliza pia kuhusu gundi. Natumia ile nyeupe ya maseremala, naichanganya na maji hadi iwe nyepesi kama uji wa mgonjwa, napaka upande mmoja wa lubugo na kuianika kivulini kabla ya rangi. Upande wa nyuma usiuguse. Wanunuzi hupenda kuipindua picha na kupapasa gome.