Mdogo wangu unayesugua benchi, meseji yako nimeisoma

Juzi usiku nimepata meseji ya dogo mmoja yuko Iringa, kipa, ana miaka 20, msimu mzima hajadaka hata dakika moja ya ligi na sasa anataka kuacha mpira. Kaniuliza, "kaka wewe uliwezaje?" Nimeona nijibu hapa hapa maana najua mko wengi.

Mimi nimekuwa kipa namba mbili miaka tisa. Mbeya, Shinyanga, Lindi, Moro, nikarudi tena Mbeya. Kote huko nilisajiliwa kwa maneno yale yale, njoo upambanie namba, na kote nikakuta namba ina mwenyewe. Watu wanadhani tunakula mshahara wa bure. Hawajui kwamba mastraika wakitaka kujifunza kumalizia ni wewe unasimama golini, krosi mia unadaka wewe, kidole changu cha pete mkono wa kushoto mpaka leo hakikunji vizuri. Siku ya mechi unampasha mwenzako, unampigia mipira ya kifuani taratibu ili aingie na moto, yeye anaenda golini wewe unavaa bibu, kile kizibao cha wachezaji wa akiba, unakaa.

Shinyanga ndio nilipata nafasi. Mechi ya ugenini, dakika ya 31, namba moja wetu kagongana na straika akabaki ameshika goti. Mwalimu aligeuka akanitazama tu, hakusema kitu. Nikamalizia ile mechi, nikadaka na mbili zilizofuata, sikufungwa hata goli moja! Ile ya mwisho nilipangua penalti, na sikubahatisha, yule mpigaji nilishamuona nikiwa jukwaani wiki mbili nyuma, mguu anaoegemea anauelekeza kule kule anakopeleka mpira. Nikautazama ule mguu, nikaruka kulia, ikanigonga kiganjani ikatoka.

Wiki iliyofuata karatasi ya kikosi ikabandikwa ukutani, mimi benchi. Mwenzangu kapona, basi. Hakuna aliyeniita hata pembeni kuniambia asante kijana umetusaidia. Kurudishwa benchi nilikubali, jamaa alikuwa ananizidi, lakini kule kunyamaziwa kunaniuma mpaka leo na sitaficha.

Sasa nisikilize. Kipa wa akiba anajiandaa kama anaanza, kila wiki, hata ikipita mwaka. Ijumaa unalala mapema kama unaanza. Wapigaji wa penalti wa timu pinzani unawajua kwa majina kama unaanza. Wengi wetu tumepotea hapo, akishaona jina lake haliko kikosi cha kwanza anakesha, anakula hovyo, siku anaitwa mwili umelala na mashabiki hawatauliza ulikaa benchi miezi mingapi.

Mwangalie Ally Salim wa Simba 2023. Alikuwa kipa wa tatu, mbele yake Aishi Manula na Beno Kakolanya. Manula kaumia, Beno naye hakupangwa, zamu ikamfikia, na ikamfikia kwenye dabi, Aprili 16, Simba ikampiga Yanga 2-0. Siku chache mbele akadaka dhidi ya Wydad ya Morocco, Simba ikashinda 1-0 Uwanja wa Mkapa. Agosti pale Uwanja wa Mkwakwani, Tanga, Ngao ya Jamii, akapangua penalti tatu za Yanga. Vile vitu havikuanza Aprili, yule kijana alikuwa anajiandaa wakati hakuna anayemtaja.

Na usimuombee mwenzako mabaya. Mimi niliwahi kufurahi kimoyomoyo namba moja wetu alipofungwa goli la kizembe, tukapoteza mechi na bonasi tukakosa wote. Ile dhambi naijua. Mpashe vizuri, mwambie unachokiona, jiandae.

Kuhusu kuacha, maliza msimu kwanza, dirisha la usajili likifunguliwa tutaongea kwa simu. Na hizo glovu ulizosema zimechanika kiganjani usizishone. Ninazo jozi mbili saizi 9 ziko vizuri, nitumie jina la basi unalopokelea mizigo, Jumatatu naziweka.