Fidibaki na Toni katika Pedali ya Mwangwi

SWALI: Mhariri, mimi ni mpiga gitaa wa kikundi cha taarabu, mkazi wa Langoni, Lamu. Nikiongeza fidibaki kwenye pedali yangu ya mwangwi, sauti hurundikana hadi maneno ya mwimbaji hayasikiki vizuri, na wakati mwingine pedali huvuma yenyewe hata nisipogusa nyuzi. Je, kitufe cha toni kinaweza kunisaidia?

JIBU: Kinaweza, ndugu msomaji, ila usikirekebishe bila kuitazama fidibaki, ambayo ndiyo inayoamua ni kiasi gani cha mwangwi kirudishwe ndani ya pedali ili kirudiwe tena. Ikirudishwa asilimia 50, mwangwi wa nne huwa asilimia 12.5 tu ya ule wa kwanza. Ikirudishwa asilimia 80, hata mwangwi wa kumi bado unazidi asilimia 13, wakati mwimbaji ameshafika mbali katika ubeti. Ikipita asilimia 100, kila mwangwi huzidi uliotangulia, na huo ndio mvumo unaokusumbua. Mvumo ukianza, punguza fidibaki papo hapo, kwani kupunguza sauti ya ampulifaya hakuuzimi.

Toni nayo hupunguza ukali wa mwangwi, na hapo ndipo penye faida yako, kwa sababu konsonanti nyingi zinazotufanya tuyaelewe mashairi zimo katika masafa ya juu, yaani sauti kali na nyembamba, na katika taarabu shairi lisiposikika hakuna kilichoimbwa. Fanya jaribio hili: weka fidibaki katikati, shusha toni, piga uzi mmoja kisha uuzime kwa kiganja, usikilize. Ikiwa kila mwangwi ni mzito, yaani una ukali mdogo, kuliko uliotangulia, kichujio cha toni (sehemu inayokata ukali) kimo ndani ya mzunguko wa fidibaki, nawe unaweza kuongeza marudio kidogo bila kumfunika mwimbaji. Ikiwa yote yana uzito uleule, kichujio kiko kwenye njia ya kutokea. Hapo itakubidi uwe mchoyo wa fidibaki.

Kwa kusindikiza mwimbaji, ningeanza na marudio mawili au matatu yanayosikika, toni ikiwa chini ya nusu. Chumba cha kuta za mawe kina mwangwi wake, hivyo punguza fidibaki zaidi. Watu wakijaa, miili na nguo zao hunyonya masafa ya juu. Pandisha toni kidogo, na fidibaki uiache ilipo.